Malindi na Mbio za Kukamata Mwanga Unaozima

Nimekuwa kimya tangu ile makala ya hifadhidata, mniwie radhi, kazi za ofisi zilinibana. Leo nimerudi na historia. Wale mliokuja kusoma mambo ya programu msikimbie: ni hadithi ileile yetu ya ujumbe uliochelewa, ila safari hii ujumbe umetoka mbali kidogo.

Ilianza na stima kupotea. Mtakumbuka usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia gizani. Mimi nilikuwa nyumbani Umoja, orofa ya tano. Betri ya tarakilishi ilipokata nikapanda kwenye paa, pale tunapoanika nguo, nikakuta wapangaji wenzangu wameshajaa huko wakitafuta mtandao wa simu. Kwa kawaida ukisimama kwenye paa letu usiku unaona taa tu: taa za Outering Road, taa za maduka, na ile minara mirefu tunayoiita mulika mwizi, ambayo ilisimamishwa mitaani Eastlands ili watu watembee kwa usalama. Siilalamikii, imeokoa watu wengi. Lakini usiku ule yote ilikuwa imezima, mawingu ya Agosti yakapasuka kidogo upande wa kusini, na nyota zikatoka.

Mtoto wa jirani, wa miaka 7 hivi, akanivuta shati.

"Anko, hizo zimetoka wapi?"

"Hazijatoka popote. Ziko hapo siku zote."

"Uongo," akasema. Amezaliwa Umoja, amelala Umoja kila usiku wa maisha yake. Kwake nyota zilikuwa kitu kilicholetwa na KPLC.

Nikajaribu kumpa kitu cha kumfurahisha. Nikamwambia kwamba karibu kila siku, mahali fulani mbinguni, kitu hulipuka kwa nguvu kuliko jua letu litakavyowaka maisha yake yote, halafu huzimika. Akafikiri, kisha akauliza swali ambalo sijaliacha tangu siku hiyo: "Na nani huziona?"

Nilitaka kujibu Wamarekani, au Waitaliano. Halafu nikakumbuka Malindi, nikashindwa kujibu vizuri. Makala hii ni jibu ambalo ningempa kama ningekuwa nimejitayarisha.

Mlipuko usio na anwani

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilitia saini mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, baharini na nje ya dunia. Kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, Marekani ikarusha setilaiti zilizoitwa Vela ili kuchungulia kama kuna anayelipua bomu kwa siri. Bomu la nyuklia hutoa miale ya gama, na miale hiyo ndiyo Vela ilikuwa ikiiwinda.

Tarehe 2 Julai 1967 Vela ikanasa miale ya gama ambayo haikufanana na bomu. Wanasayansi wa Los Alamos, akiwemo Ray Klebesadel, waliiweka data hiyo kando hadi walipopata setilaiti bora zaidi. Kwa kulinganisha tofauti ndogo za wakati ambapo kila setilaiti ilipigwa na miale, waliweza kujua upande ilikotoka. Haikutoka duniani wala kwenye jua. Mwaka 1973 Klebesadel na wenzake Ian Strong na Roy Olson walichapisha habari za milipuko 16. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua kuna kitu kinachoitwa mlipuko wa miale ya gama.

Shida ikawa moja, na iliwasumbua miaka mingine 24. Miale ya gama haikubali kukusanywa na lenzi kama mwanga wa kawaida. Kifaa kinakuambia "kimetokea, upande ule", basi. Setilaiti ya Compton, iliyorushwa na Marekani mwezi wa Aprili 1991, ilikuwa na mtambo ulioitwa BATSE ambao ulihesabu milipuko 2,704 katika miaka 9. Lakini anwani ya kila mlipuko ilikuwa na kosa la digrii kadhaa. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Kwa hiyo ni kama mtu akupigie simu, "Njoo haraka, nyumba inaungua!", ukamuuliza wapi, akajibu, "Eastlands", halafu akakata.

Na moto wenyewe hausubiri. Mlipuko huchukua sekunde chache, wakati mwingine dakika moja au mbili. Wanafizikia walikuwa wamebashiri kwamba baada ya mlipuko utabaki mng'ao: mada iliyorushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga inagonga gesi iliyo mbele yake, gesi inapata joto, na hapo inatoa eksirei, mwanga wa kawaida na mawimbi ya redio, ikififia kwa saa na siku kama makaa yanavyobaki mekundu baada ya moto wa kuni kuzimika. Ukiyakuta makaa yale unaweza kupima umbali. Ukichelewa, unakuta majivu yasiyo na tofauti na giza jingine lolote.

Bila umbali, hakuna aliyejua hata ukubwa wa kitu anachokizungumzia. Tarehe 22 Aprili 1995 mjini Washington, Bohdan Paczyński na Donald Lamb walisimama mbele ya wenzao kubishana. Paczyński alisema milipuko iko mbali sana, nje kabisa ya galaksi yetu. Lamb alisema iko karibu, pembezoni mwa galaksi yetu wenyewe. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ilikuwa kubwa kiasi kwamba mmoja wao lazima alikuwa amekosea vibaya sana. Na hakuna aliyekuwa na picha hata moja.

Kwa nini Ngomeni

Sasa tuje pwani. Kaskazini mwa mji wa Malindi kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Ngomeni. Kutoka hapo ukitazama baharini unaona majukwaa ya chuma yamesimama majini. Huko Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walijenga kituo cha kurushia roketi, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti yao San Marco 2. Ni mwaka uleule wa mlipuko wa kwanza wa Vela.

Kwa nini pale? Kwa sababu mbili za kihandisi. Kwanza, dunia inapozunguka, mtu aliye kwenye ikweta anabebwa kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inaipata kasi hiyo bure. Pili, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta haipiti katikati ya lile eneo la Atlantiki ya kusini ambako chembe zenye chaji hujaa na kuvuruga vifaa. Kwa anayepima eksirei na miale ya gama, hiyo ni kama kupata chumba kisicho na kelele.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei. Marjorie Townsend, meneja wa mradi huo kule NASA, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku ile. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vitu 339 vinavyotoa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Tarehe 15 Novemba 1972 iliruka pale SAS-2, iliyotazama miale ya gama. Ariel V ya Uingereza ikafuata mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975. Roketi ya mwisho ilirushwa Machi 1988. Watu wengi wakidokezewa habari hizi husema basi, kituo kikafa. Hapana. Roketi ziliisha, antena zikabaki. Na kwa hadithi yetu, antena ni muhimu kuliko roketi.

Dakika kumi juu ya Malindi

Tarehe 30 Aprili 1996 Italia, ikishirikiana na Uholanzi, ilirusha setilaiti ya BeppoSAX kutoka Florida. Beppo lilikuwa jina la utani la mwanafizikia Giuseppe Occhialini. Iliwekwa kwenye njia ya kilomita 600 juu, yenye mwinamo wa digrii 4 tu kutoka kwenye ikweta. Maana yake ni kwamba ilipita karibu na anga ya Malindi katika kila mzunguko, kila baada ya dakika 96 hivi. Kila ilipopita, antena ya Malindi ilikuwa na kama dakika 10 za kuongea nayo: kupokea kila kitu setilaiti ilichokihifadhi na kuipa amri mpya. Kisha data ilirushwa kutoka Malindi hadi Roma kupitia setilaiti ya mawasiliano.

Wanaprogramu wenzangu mmeshaitambua. Huku ni kuchungulia kwa vipindi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mfumo wetu wa malipo ulichungulia kila baada ya dakika 5 kama pesa ya mteja imeingia. Mteja amesimama kaunta na mzigo wake, pesa imeshatoka kwenye simu, na sisi tunasema, "Subiri kidogo, mfumo bado." Dakika 5 zilitosha watu kutukanana. BeppoSAX ilikuwa na 96.

Lakini ilikuwa na kitu ambacho BATSE haikuwa nacho: kamera mbili za upana mkubwa zilizotengenezwa Utrecht, kila moja ikitazama eneo la digrii 20 kwa 20 hivi. Hazikuwa na lenzi. Mbele ya kila kamera kulikuwa na sahani yenye matundu yaliyopangwa kwa mpangilio maalum. Eksirei zikipita kwenye matundu zilichora kivuli nyuma, na kivuli hicho kilisogea kulingana na upande ilikotoka miale. Ukiwa na kivuli na ukijua mpangilio wa matundu, programu inaweza kurudi nyuma na kukuambia miale ilitoka wapi. Eksirei ilitazamwa kwa mapana na ikapewa anwani nyembamba, na kazi ya kupata anwani ilifanywa na hesabu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikazunguka chumbani.

Ijumaa tarehe 28 Februari 1997, saa kumi na moja na dakika 58 alfajiri kwa saa za Kenya, mlipuko ulitokea ndani ya eneo la kamera mojawapo. Uliendelea kama sekunde 80. Mimi nilikuwa bado tumboni mwa mama. Setilaiti iliuhifadhi, ikaendelea na safari, na kilichohifadhiwa kikateremkia Malindi, kikaenda Roma.

Roma walipoona kwamba kamera na mtambo wa miale ya gama vimekubaliana, walipiga hesabu ya anwani. Safari hii kosa halikuwa digrii kadhaa. Lilikuwa duara ambalo nusu-kipenyo chake ni kama sehemu moja ya kumi ya upana wa mwezi. Waliigeuza setilaiti ili vifaa vyake vyenye macho makali vitazame palepale. Saa 8 baada ya mlipuko, timu ya Enrico Costa iliona eksirei mahali pasipokuwa na kitu kinachojulikana. Siku 3 baadaye walitazama tena: mng'ao umeshuka takribani mara 20. Makaa yamekutwa yakiwa bado mekundu.

Anwani ilikuwa imeshafika Amsterdam kwa Jan van Paradijs na wanafunzi wake wa uzamifu, Paul Groot na Titus Galama. Duara lile lilikuwa dogo kiasi cha kuingia kwenye picha moja ya darubini ya William Herschel, yenye kioo cha mita 4.2, kwenye kisiwa cha La Palma. Picha ilipigwa saa 21 hivi baada ya mlipuko. Tarehe 8 Machi wakapiga nyingine. Wakaweka picha mbili kando kwa kando: nukta moja ilikuwepo, sasa haipo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kuona, kwa mwanga wa kawaida, mng'ao unaobaki baada ya mlipuko wa miale ya gama.

Miezi mitatu haikupita. Tarehe 8 Mei 1997 BeppoSAX ilinasa mwingine, na safari hii darubini ya Keck kule Hawaii iliuchambua mwanga wake rangi kwa rangi. Mwanga ulikuwa umesafiri si chini ya miaka bilioni 7. Ubishi wa Washington ukaishia hapo. Paczyński alikuwa sahihi: milipuko iko mbali kupita galaksi yetu, na kwa hiyo ni mikubwa kuliko tulivyokuwa tayari kuamini. Jibu hilo lilikuwa limepitia Kilifi.

Njia ya pili: jicho pana

Kama hupati anwani nzuri, kuna ujanja mwingine: tazama mtaa mzima kwa wakati mmoja. Hapa ndipo darubini za upana mkubwa zinapoingia.

Scott Barthelmy wa NASA alikuwa amejenga mtandao unaojulikana sasa kama GCN. Badala ya kusubiri mtu achungulie, mtandao huu ulisukuma anwani ya kila mlipuko wa BATSE kwenda kwa yeyote aliyejiandikisha, ndani ya sekunde. Anwani ilikuwa mbovu, ila ilifika moto ukiwaka. Los Alamos, kulekule ilikoanzia hadithi, Carl Akerlof na wenzake walikuwa na roboti iliyoitwa ROTSE-I. Ilikuwa lenzi 4 za Canon za milimita 200, aina wanayoitumia wapiga picha wa michezo, zimefungwa pamoja kwenye mkono mmoja unaogeuka haraka. Kwa pamoja ziliona digrii 16 kwa 16, yaani miezi 32 ikipangwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo.

Tarehe 23 Januari 1999 ujumbe ulifika. ROTSE-I iligeuka yenyewe, bila mtu kuamshwa, na picha ya kwanza ikaanza sekunde 22 baada ya mlipuko kuanza. Mng'ao ulipanda hadi daraja la 9. Macho matupu huishia kwenye daraja la 6 hivi, kwa hiyo mtu mwenye darubini ya kutazamia ndege angeweza kuuona, mwanga uliosafiri zaidi ya miaka bilioni 9.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Picha zilikuwa kwenye diski, lakini zilikuwa na maelfu ya nyota, na BATSE ilikuwa imesema "Eastlands" tu. Nukta ipi? Bahati nzuri BeppoSAX nayo ilikuwa imeuona mlipuko uleule. Anwani yake ndogo iliwawezesha wanaastronomia wa Palomar kuuona mng'ao saa chache baadaye, na ROTSE wakarudi kwenye picha zao wakijua pa kutazama. Nukta ilikuwepo. Kwa hiyo jicho pana lilikamata mwanga, lakini anwani iliyofungua picha ilitoka kwenye setilaiti iliyokuwa ikizungumza na dunia kupitia Malindi. Njia mbili zilihitajiana.

Tarehe 19 Machi 2008 jicho pana lilishinda kabisa. Kamera za Pi of the Sky za Wapolandi na TORTORA, zote zikiwa Chile, zilikuwa zikitazama eneo ambalo mlipuko mwingine ulikuwa umetokea nusu saa kabla. Mlipuko mpya ukatokea karibu na hapo. Kamera ziliurekodi tangu mwanzo, zikiwa hazijasubiri ujumbe wa mtu. Ulifika daraja la 5.3: kwa nusu dakika hivi, mtu aliyesimama gizani angeuona kwa macho yake, mwanga wa miaka bilioni 7.5. Nimepiga hesabu. Kwa saa zetu ilikuwa Jumatano saa tatu na dakika 12 asubuhi, wiki 3 baada ya mkataba wa amani wa 28 Februari uliotuliza mitaa yetu. Nilikuwa darasani, darasa la tano, na jua lilikuwa limeshatanda.

Halafu mwaka 2013 njia hizi ziliungana. Setilaiti ya Fermi ilitoa anwani mbovu ya mlipuko wa tarehe 2 Julai, na timu ya Leo Singer ikatumia darubini pana ya Palomar kufagia digrii mraba 71. Programu ilitoa picha za zamani kwenye picha mpya, ikachuja maelfu ya nukta zilizobadilika, na kubakisha chache za kutazamwa na binadamu. Mng'ao ukapatikana. Ukiniuliza, hapo kazi ya kutafuta ilikuwa imeshahama kutoka kwenye kioo kwenda kwenye programu.

Bomba na msomaji

BeppoSAX ilizimwa mwaka 2002 na kuanguka baharini 2003. Malindi haikuachwa bila kazi. Marekani iliporusha setilaiti ya Swift tarehe 20 Novemba 2004, mchango mmoja wa Italia ulikuwa antena ya Malindi. Swift iliundwa itume anwani ya haraka kupitia setilaiti nyingine ndani ya sekunde chache, kisha igeuke yenyewe kutazama kwa kamera zake. Lakini mzigo kamili wa data ulipangiwa kushukia Malindi. Ule mlipuko wa 2008 ulioweza kuonekana kwa macho ulikuwa wa Swift.

Kwa hiyo jibu la "nani huziona?" lina ugumu wake. Tangu Uhuru ya 1970, pwani yetu imekuwa kwenye njia ya ujumbe. Sisemi tuliibiwa. Hakuna aliyefunga mlango wa Ngomeni akila data peke yake. Data ya Swift iko wazi kwa dunia nzima. Wakenya wamefanya kazi kwenye kituo kile kwa miaka mingi, na bila antena zile hadithi hii isingesomeka hivi. Ninachosema ni kwamba bomba likipita kwenye shamba lako halikufanyi umwagiliaji. Ujumbe ulishuka Kilifi, ukaenda kusomwa Roma na Amsterdam, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na watu waliokuwa wamekaa wakiusubiri. Mimi nimesoma shahada nzima ya sayansi ya kompyuta Nairobi, na hadithi ya BeppoSAX nimeijua kwa kudura tu, nikitafuta kitu kingine.

Tazama alikofika Paul Groot, yule mwanafunzi wa 1997. Aliongoza ujenzi wa MeerLICHT, darubini ya sentimita 65 yenye upana mkubwa, iliyozinduliwa mwaka 2018 kule Sutherland, Afrika Kusini, ili ifuatane na darubini ya redio ya MeerKAT. Jicho pana limefika bara letu. Na kwenye ramani, kati ya Afrika Kusini na India kuna nafasi ya usiku ambayo Kenya imekaa katikati yake. Tena tuko ikweta: katika mwaka mmoja tunaweza kuona karibu mbingu yote, ya kaskazini na ya kusini. Waitaliano walikuja Ngomeni kwa sababu ya ikweta. Sisi tulizaliwa juu yake.

Skripti ya Umoja

Tangu 2022 GCN husambaza ujumbe wake kwa Kafka, programu ileile ambayo wengi wetu tunaitumia kazini kwa foleni za malipo. Kujiandikisha ni bure. Baada ya usiku ule wa giza niliandika skripti fupi inayosikiliza, na kila ujumbe ukifika inauliza maswali mawili: je, Nairobi ni usiku? Je, mahali penyewe pako juu ya upeo wetu? Majibu yote yakiwa ndiyo, simu yangu inalia.

Wiki ya kwanza ililia mchana tu. Nilikuwa nimetoa saa 3 badala ya kuongeza 3, nikakosea kwa saa 6, kosa ambalo kila mtoto anayejifunza kusoma saa kwa Kiswahili amewahi kulifanya. Nikarekebisha. Halafu stima ilipotea usiku mmoja, na iliporudi alfajiri Kafka ikanimiminia ujumbe wote uliokuwa ukisubiri kwenye foleni, simu ikalia kama mwendawazimu kwa milipuko iliyokuwa imeshapoa. Hapo nilielewa, kwenye mwili wangu mwenyewe, maana ya dakika 96.

Mara moja kila kitu kilikaa sawa: usiku, mahali pako juu, mtandao upo. Nilikimbia ngazi hadi kwenye paa nikiwa na kamera ya mtumba. Nikakuta wingu, na chini ya wingu mulika mwizi ikiwaka kama kawaida. Nilipiga picha 40 za wingu la rangi ya chungwa. Ninazo bado.

Mama yake yule mtoto alinikuta nikishuka, akauliza kama kuna wezi. Nikamwambia hapana mama, nilikuwa natafuta nyota. Akanitazama vile mnavyojua. Lakini mwanawe alikuwa nyuma yake, na yeye hakucheka. Aliuliza kama safari nyingine naweza kugonga mlango wao.

Nimeongeza mstari mmoja kwenye skripti. Ujumbe ukifika kabla ya saa tatu usiku, inanikumbusha kugonga. Anayetaka skripti aniandikie, nitampa bure, na mwenye paa lenye giza kuliko langu, Kitengela au Machakos huko, tafadhali tuongee. Nikikamata chochote, hata nukta moja, mtakuwa wa pili kujua. Wa kwanza mmeshamjua.